Saa mbili za Robert Smalls mjini Beaufort: meli nyingi, bunge kidogo

Mgeni anayefika Beaufort, mji mdogo wa pwani katika jimbo la South Carolina nchini Marekani, ana njia mbili za kuonyeshwa maisha ya Robert Smalls, mtumwa aliyetoroka na meli ya kivita kisha akawa mbunge na mfanyabiashara. Ya kwanza ni ya bure, nayo ni huduma ya Hifadhi ya Taifa ya Kihistoria ya Enzi ya Ujenzi Mpya (miaka iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambapo walioachwa huru walipata kura na viti bungeni), ambayo kituo chake cha wageni kimo katika jengo la zamani la zimamoto, Mtaa wa Craven. Ya pili ni ya kulipia: matembezi ya miguu ya takribani saa mbili yanayoendeshwa na kampuni binafsi. Kampuni hiyo sitaitaja kwa jina, kwa kuwa ninachokosoa ni jinsi simulizi lake lilivyopangwa, wala sina neno na adabu au juhudi ya mtu yeyote. Nilizitumia njia zote mbili, na tathmini hii nimewaandikia Waswahili wenzangu, hasa wanaoishi Marekani, ambao wanafikiria kwenda huko likizo au wanajiuliza kama ada ya matembezi hayo ina thamani yake.

Nitangulize hukumu. Anayetaka kisa cha watumwa waliotoroka na meli ya kivita atafurahi, na hatajutia pesa yake. Anayetaka kumjua mbunge wa jimbo na mfanyabiashara aliyeishi zaidi ya miaka hamsini baada ya kisa hicho, akapanda, akashtakiwa, akasamehewa, akapanda tena, ataondoka na maswali mengi kuliko aliyokuja nayo.

Kisa cha meli kinasimuliwa vizuri, na haki hiyo lazima wapewe. Smalls alizaliwa utumwani papo hapo Beaufort tarehe 5 Aprili 1839, mama yake akiwa Lydia, mtumwa wa nyumbani kwa familia ya McKee. Alipofika umri wa miaka 12 alipelekwa Charleston kukodishwa kazi, na sehemu kubwa ya ujira wake ikawa inakwenda kwa bwana wake. Aliwasha taa za barabarani, akahudumu hotelini, kisha akaingia gatini, ambako alijifunza kamba, tanga na usukani mpaka akazijua njia za maji za bandari ile kama mwenyeji. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, alikuwa ndiye mshika usukani wa Planter, meli ya mvuke iliyobeba silaha za jeshi la majimbo yaliyojitenga. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei maofisa watatu Wazungu walikwenda kulala nchi kavu kinyume cha amri. Smalls na mabaharia wenzake watumwa waliwasha moto wa mvuke, wakapita kwenye gati nyingine kuwachukua wake na watoto, kisha wakashika njia ya bahari.

Mwongoza watalii wetu alituhadithia sehemu hii akiwa amesimama kwenye ukingo wa mto, nyuma ya Mtaa wa Bay. Alivuta kofia yake ya majani mpaka kwenye nyusi, akakunja mikono na kujipa mwendo wa mtu mzito, akituonyesha jinsi Smalls alivyomwigiza Relyea, nahodha wa Planter, ili walinzi wa ngome ya Sumter, wakitazama kwa mbali gizani, wasione sura bali kofia na umbo. Kisha akafanya mlio wa honi ya meli kwa mdomo, watoto waliokuwa kundini wakamwiga, na mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na mbwa wake akasimama kusikiliza. Meli ilipotoka nje ya masafa ya mizinga, wakateremsha bendera, wakapandisha shuka nyeupe ya kitandani, na kujisalimisha kwa meli ya Muungano, yaani upande wa serikali ya Marekani, iliyoitwa Onward. Smalls alikuwa na umri wa miaka 23. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwapa tuzo, na yeye alipata dola 1,500, kiasi ambacho hata wakati huo kilionekana kidogo mbele ya thamani ya meli, mizinga iliyokuwa ndani yake, na habari za ulinzi wa bandari alizokuja nazo kichwani.

Hapo ndipo sifa zangu kwa matembezi ya kulipia zinapokwisha. Tulipoondoka ukingoni mwa mto, zaidi ya nusu ya muda wetu ilikuwa imeliwa na usiku mmoja, na miaka yote iliyobaki ililazimishwa kukaa katika nusu iliyosalia, pamoja na maelezo ya miti ya mialoni, nyumba za matajiri wa pamba na filamu zilizopigwa mjini. Sishangai sana, kwa sababu kumbukumbu ya Marekani yenyewe imemgandisha kwenye maji: jeshi la nchi kavu lina meli ya usafirishaji inayoitwa Meja Jenerali Robert Smalls, cheo alichokuwa nacho katika wanamgambo wa jimbo, na mwaka 2023 jeshi la majini lilibadilisha jina la manowari iliyoitwa Chancellorsville ikawa Robert Smalls. Hizo ni heshima kubwa. Hata hivyo, mgeni anayelipa ili aonyeshwe mji aliouwakilisha mtu huyu bungeni ana haki ya kuambiwa alilifanyia nini bunge hilo.

Mfano mzuri wa kilichopotea ni nyumba namba 511, Mtaa wa Prince. Ni nyumba ya mbao iliyopakwa rangi nyeupe, yenye varanda zinazoelekea upande wa jua, na huonekana kwa kusimama barabarani tu. Mwongozaji alitupa hadithi ambayo kila mtu hupewa hapo: mtoto wa mtumwa alirudi akanunua nyumba ya bwana wake, kisha mke wa bwana huyo, akiwa mzee na kumbukumbu zimemtoka, akakaribishwa kuishi humo na mtu aliyewahi kuwa mali ya familia yake. Ni hadithi ya kugusa moyo, na familia ya Smalls imeihifadhi. Lakini aliinunuaje? Mtu hawezi kuelewa biashara na siasa za Beaufort bila swali hilo, na jibu lake halikutolewa.

Jibu nililipata kwenye jengo la zimamoto, kwa mhifadhi aliyefungua ramani juu ya meza na kuweka kidole kwenye mlango wa bahari wa Port Royal. Tarehe 7 Novemba 1861 manowari za Muungano zilizipiga ngome mbili za hapo, na Wazungu wenye mashamba wakaikimbia Beaufort karibu wote, wakiacha nyumba, pamba na watumwa wapatao elfu kumi katika visiwa vya jirani. Mwaka uliofuata serikali ya Muungano ilitunga sheria ya kutoza kodi ya ardhi katika majimbo yaliyoasi. Mwenye shamba aliyekimbia hakuwepo kuilipa, hivyo mali yake ikapigwa mnada. Smalls alikuwa na pesa ya tuzo na mshahara wa urubani, akanunua. Waliokuwa watumwa nao wakanunua vipande vya ekari chache chache, na ndiyo sababu wilaya hii, tofauti na sehemu nyingi za Kusini, ilikuwa na wapiga kura Weusi waliokanyaga ardhi yao wenyewe na ambao haikuwa rahisi kuwatisha kwa kuwafukuza shambani.

Jambo halikuishia mnadani. Kabla ya vita McKee alikuwa ameshaiuza nyumba ile kwa mtu aitwaye De Treville, na baada ya vita kukawa na kesi ya kutaka Smalls aondolewe. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1878 iliamua kwamba mnada wa kodi ulikuwa halali na nyumba ni ya Smalls. Uamuzi huo uliwahusu pia wanunuzi wengine wa minada ile, wengi wao watu wasiokuwa na uwezo wa kwenda mahakamani wenyewe. Kwa maoni yangu, dakika tano za habari hii mbele ya ile varanda zingekuwa na uzito kuliko hadithi ya bibi mzee, na wala zisingeizuia kusimuliwa.

Kuhusu biashara, matembezi ya kulipia yalikuwa na sentensi moja, kwamba Smalls “alikuwa pia na duka”. Duka hilo alilifungua mwaka 1866 pamoja na Richard Gleaves, ambaye baadaye alikuwa naibu gavana wa jimbo, na lilikusudiwa wateja walioachwa huru, watu ambao kwa mara ya kwanza walikuwa na ujira mkononi na uhuru wa kuchagua pa kuutumia. Mwaka 1870 alikuwa miongoni mwa wanasiasa Weusi walioanzisha Enterprise Railroad mjini Charleston, reli ya kilomita zipatazo 29 ambayo mabehewa yake yalivutwa na farasi kati ya magati na stesheni za mizigo, na ambayo wakurugenzi wake, isipokuwa mmoja, walikuwa Weusi. Miaka miwili baadaye alianzisha gazeti. Msomaji wa leo atauliza mara moja kama ni sawa wabunge kumiliki kampuni ya reli katika jimbo wanalolitungia sheria, na ni swali halali. Wenzao Wazungu wa zama hizo walifanya hivyo hivyo bila kuulizwa, lakini hilo halilifuti swali.

Ili kuona jinsi duka na siasa vilivyoshikana, mtu asome habari za mgomo wa wavunaji wa mpunga kando ya mto Combahee mwaka 1876. Wenye mashamba waliwalipa vibarua kwa vikaratasi vilivyokubaliwa katika maduka ya mashambani tu, kwa bei za maduka hayo. Vibarua wakagoma, wakashika fimbo, na gavana akatakiwa kupeleka askari. Aliyekwenda kuzungumza nao ni Smalls, wakati huo mbunge katika Bunge la Marekani, na mgomo ukatulizwa bila damu kumwagika. Mtu aliyewahi kuuza unga na vitambaa kwa watu wa hali hiyo hakuhitaji kuelezwa kikaratasi kisichonunua kitu nje ya shamba kinamfanyia nini baba wa familia. Mto Combahee hauko mbali na Beaufort, na nashangaa kwamba hakuna mtu katika matembezi yale aliyeutaja.

Sehemu ya bunge la jimbo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Januari 1868 Smalls, ambaye hakujua kusoma mpaka alipokuwa mtu mzima na kujilipia mwalimu, aliingia katika mkutano wa kutunga katiba mpya ya jimbo mjini Charleston. Wajumbe wengi wa mkutano ule walikuwa Weusi. Alisimamia pendekezo la shule za umma, za bure na za lazima, na katiba iliyotoka humo ndiyo iliyoipa South Carolina mfumo wake wa kwanza wa elimu kwa watoto wote. Mwaka huo huo akachaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo, na mwaka 1870 akapanda kuwa seneta wa jimbo, akichukua kiti cha Jonathan Wright aliyeteuliwa kuwa jaji wa mahakama ya juu ya jimbo hilo. Mwongozaji wetu aliyasema yote haya kwa maneno haya: “Kisha akawa mwanasiasa.” Tulikuwa tumesimama umbali mfupi tu kutoka uwanja wa shule.

Kisha kuna hongo. Mwaka 1877, chama cha Democratic, ambacho wakati huo kilikuwa cha Wazungu wa Kusini waliopinga haki za Weusi, kikiwa kimelirudisha jimbo mikononi mwake kwa msaada wa magenge ya Wazungu wenye mashati mekundu yaliyowatisha wapiga kura, Smalls alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa kosa la kupokea dola 5,000 alipokuwa msimamizi wa mambo ya uchapishaji katika Seneti. Shahidi mkuu, Josephus Woodruff, alikuwa karani wa Seneti na mwenye hisa katika kampuni iliyokuwa ikipewa kazi hiyo ya uchapishaji. Mwaka 1879 gavana alimsamehe, kwa makubaliano yaliyohusisha pia kufutwa kwa mashtaka ya uchaguzi yaliyowakabili watu wa Democratic. Wanahistoria wengi huiona kesi ile kuwa ya kisiasa. Mimi sioni sababu ya kuificha. Nilipouliza, mwongozaji alisema kwa upole kwamba hiyo ni habari ndefu, akatuongoza kwenye nyumba iliyofuata. Shujaa anayefichiwa kesi yake hulindwa kwa njia dhaifu, maana mgeni atakayeikuta habari hiyo mwenyewe jioni kwenye simu atadhani alidanganywa mchana kutwa. Aelezwe wakati, shahidi na makubaliano, kisha aachiwe apime.

Huduma ya hifadhi nayo ina mipaka yake, na ni vizuri kuijua kabla ya kwenda. Haikuanzishwa kwa ajili ya mtu mmoja. Rais Obama aliitangaza mwezi Januari 2017 kama kumbukumbu ya taifa, na ikawa hifadhi kamili mwezi Machi 2019, somo lake likiwa enzi nzima ya Ujenzi Mpya. Kituo cha Craven ni kidogo, na mtu anayetarajia makumbusho yenye vyumba vingi atakiona chote haraka. Uzuri wake uko kwa wahifadhi wenyewe, ambao mtu akiwapa swali moja zuri humrudishia historia ya wilaya. Sehemu nyingine za hifadhi zimetawanyika: Penn Center katika kisiwa cha St. Helena, mahali pa shule iliyoanza kuwafundisha walioachwa huru mwaka 1862, pamoja na kanisa la matofali lililo karibu nayo. Na Camp Saxton huko Port Royal, ambako tarehe 1 Januari 1863 tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa lilisomwa mbele ya umati chini ya miti ya mialoni. Bila gari, sehemu hizo hazifikiki kwa urahisi.

Kituo ambacho njia zote mbili hukifikia, na ambacho hata mgeni asiyelipa senti anaweza kukaa nacho kwa muda autakao, ni uwanja wa kanisa la Tabernacle Baptist katika Mtaa wa Craven. Hapo ndipo Smalls alipozikwa mwaka 1915. Kuna sanamu yake ya shaba, kichwa na mabega, juu ya nguzo, na maneno aliyoyasema mwaka 1895 yamechongwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili yangesomeka hivi: “Watu wangu hawahitaji utetezi wa pekee, kwa maana historia yao katika nchi hii inathibitisha kwamba wao ni sawa na watu wowote, mahali popote. Wanachohitaji ni nafasi sawa katika mapambano ya maisha.” Tangu mwaka 2024 kanisa hilo lina pia sanamu kubwa ya Harriet Tubman, mwanamke maarufu aliyewatorosha watumwa, na ndiyo inayovuta kamera. Watu wengi niliowaona walipiga picha ya Tubman na kuondoka bila kusogea hatua chache kwenye kaburi.

Maneno yale yana mazingira yake, na mwongozaji aliyasoma kwa sauti bila kuyaeleza. Mwaka 1895 jimbo liliitisha mkutano mwingine wa katiba, safari hii kwa nia iliyotangazwa waziwazi na Benjamin Tillman, seneta wa South Carolina katika Bunge la Marekani, ya kuwanyang’anya Weusi kura. Wajumbe Weusi walikuwa sita tu, na Smalls, aliyekuwa amekaa katika mkutano wa 1868 uliowapa kura hiyo, alikuwa mmoja wao. Hoja ilipoletwa ya kupiga marufuku ndoa kati ya Weusi na Wazungu, alipendekeza kiongezwe kifungu kwamba Mzungu yeyote anayeishi kinyumba na mwanamke Mweusi asishike cheo cha umma, na mtoto wao apewe jina na urithi wa baba. Ukumbi ulitaharuki, na pendekezo likakataliwa. Mwishoni alikataa kutia sahihi katiba ile, na alipoambiwa kwamba asiyetia sahihi huenda asilipwe nauli, alijibu kwamba ni afadhali arudi Beaufort kwa miguu.

Baada ya hapo alirudi kwenye kazi ya kukusanya ushuru wa forodha katika bandari ya Beaufort, kazi aliyoishika kwa sehemu kubwa ya miaka zaidi ya ishirini tangu 1889. Mwaka 2024 bunge la jimbo, lile lile alilolitumikia, liliidhinisha sanamu yake kujengwa kwenye viwanja vya makao ya serikali mjini Columbia.

Kwa upande wa mambo ya safari, Beaufort iko mwendo wa gari wa takribani saa moja kutoka Savannah, na kutoka Charleston ni zaidi kidogo. Majira ya joto si mazuri kwa kutembea mchana: jasho, mbu, na visubi vya mabwawani visivyoonekana mpaka viume. Masika na vuli ndiyo majira yake. Viatu viwe vya kutembelea, maana njia za kando ya mitaa zimeinuliwa na mizizi ya miti.

Mwenye watoto wa shule ya msingi ningemwambia alipie matembezi, wapate ile kofia ya majani na mlio wa honi, halafu awapeleke mwenyewe kanisani na kuwasomea habari za 1895. Mtu mzima anayesafiri peke yake, hasa mwenye hamu ya siasa au biashara, aanzie zimamoto asubuhi, aulize kuhusu mnada wa kodi na shule, apite Mtaa wa Prince kwa miguu, amalizie kaburini, na ile ada ainunulie chakula cha mchana Mtaa wa Bay. Kampuni ile ikibadilisha mpangilio wake, ikahamishia hata robo saa tu kutoka mtoni kwenda bungeni, nitalipa tena kwa moyo mweupe.